Sabufa ya tatu haikununuliwa: kisa cha sebule moja ya Jinja

Mzee alinipigia simu akitaka nimtafutie sabufa ya tatu. Ya kwanza, ya inchi 10, aliinunua dukani. Ya pili, ya inchi 12, alitengenezewa sanduku na fundi wa makochi. Sasa alikuwa amepania ya inchi 15. "Besi ya kwangu haina nyama," aliniambia. "Jirani anaisikia. Mama yako anaisikia akiwa jikoni. Mimi niliyekaa mbele yake ndiye nisiyeisikia." Nikamwomba asitoe hata shilingi mpaka nifike, maana maneno hayo ya mwisho yalikuwa yameshanieleza nusu ya ugonjwa. Besi inayosikika jikoni na kwa jirani haijapungua. Ipo tele, ila haifiki pale penye masikio ya mwenyewe, na hilo haliponywi na spika kubwa zaidi.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kosa lake nimelikuta katika nyumba nyingi, na karibu kila mara nafika pesa zikiwa zimeshatoka.

Nyumba iko Jinja, ya zamani, ya matofali ya kuchoma yenye kuta nene zilizopigwa plasta, paa la mabati na dari ya mbao laini. Mzee ni mstaafu wa reli. Alianza kazi kabla ya East African Railways kuvunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, amehamishwa toka Mombasa hadi Nakuru, Tororo na mwisho Jinja, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba yake mpaka leo, hata kwa wajukuu waliozaliwa Uganda. Ana santuri na kanda za miaka mingi: TPOK Jazz ya Franco, bendi za Kinshasa na Lubumbashi, Afrigo Band ya hapa Uganda. Huu ni muziki unaotembea juu ya gitaa la besi. Magitaa mengine yanapambana huko juu, sebene inachemka, lakini anayewashika wachezaji miguu ni yule wa besi. Mtu anayesikiliza rumba bila kumsikia huyo anasikiliza nusu ya wimbo, na nilimwelewa mzee kwa nini jambo lilikuwa linamuuma.

Kwa hiyo kabla ya kupima chochote nilijiuliza besi hiyo inaishi wapi. Gitaa la besi la nyuzi nne, uzi wake mnene kabisa ukiachwa wazi hutoa 41 Hz, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Wa pili hutoa 55, wa tatu 73, wa nne 98. Chumba cha mzee hakikuhitaji kushuka hadi 20 Hz kama zile sinema za milipuko. Kilihitaji noti kati ya 40 na 100 Hz zisikike zote, kwa uzito unaolingana.

Sebule ina urefu wa mita 5.2, upana wa mita 4.1 na kimo cha mita 2.75. Kwenye ukuta mfupi wa mbele kulikuwa na kabati kubwa la TV, spika mbili zikiwa zimebanwa ndani ya rafu zake, na sabufa ya inchi 12 imesukumwa kwenye kona ya kushoto. Ile ya inchi 10 ilikuwa stoo, ikingoja mnunuzi. Makochi yalizunguka kuta tatu, yamevikwa vitambaa vyeupe. Kiti cha mzee kilikuwa peke yake katikati ya chumba. Nilipomuuliza kwa nini amekaa pale, akasema aliambiwa akae katikati kabisa ili sauti imfikie sawasawa kutoka kila upande, kwa hiyo alichukua futi na kupima. Alipima vizuri mno. Kichwa chake kilikuwa mita 2.6 toka ukuta wa mbele na mita 2.05 toka ukuta wa pembeni, yaani nusu kwa nusu barabara.

Chukua karai, tia maji hadi nusu, libebe kwa mikono miwili na utembee nalo. Maji yatapanda upande huu na kushuka upande ule, yakipokezana, lakini katikati ya karai kimo chake hakitikisiki. Hewa ya chumba hufanya vivyo hivyo wimbi la sauti likiwa refu kiasi cha kulingana na chumba chenyewe. Kwenye kuta mgandamizo hupanda na kushuka kwa nguvu, na katikati hubaki umetulia. Sikio hupima mgandamizo. Ukilikalisha pale palipotulia, halisikii kitu, hata kama kuta zinatetemeka.

Hesabu yake ni nyepesi. Kasi ya sauti katika joto la nyuzi 25 ni takriban mita 346 kwa sekunde. Igawe kwa urefu wa chumba mara mbili: 346 kwa 10.4 ni 33 Hz. Hiyo ndiyo noti ya kwanza ya urefu. Upana unatoa 42 Hz, na kimo kinatoa 63. Kisha zipo zinazozaliwa na urefu na upana kwa pamoja, ya kwanza ikiwa karibu na 54. Mjukuu wa mzee, anayesoma sekondari, aliuliza kama mwinuko wa Jinja, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, haubadilishi hesabu hizi. Ni swali zuri. Hewa ya huku kweli ni nyepesi kuliko ya Mombasa, lakini kasi ya sauti hufuata joto lake. Mwinuko hauipunguzi.

Sasa weka namba hizo karibu na nyuzi za gitaa. Noti ya 42 Hz ya upana ina shimo katikati ya upana, na hapo ndipo uzi mnene wa besi, 41 Hz, unapoanguka. Ile ya 54 ina shimo kote kwenye mstari wa katikati, na uzi wa pili, 55 Hz, ukamezwa nayo. Kinyume chake, noti ya pili ya urefu, 66 Hz, haina shimo katikati. Pale ndipo inapofika kileleni. Mpiga besi akigusa Do ya chini, ambayo ni 65 Hz, kiti cha mzee kilikuwa kinapokea ngurumo. Noti moja inapiga kelele, mbili zimekufa. Hiyo ndiyo "besi isiyo na nyama" aliyokuwa akiisema, na alikuwa ameieleza vizuri kuliko mafundi wengi.

Nilithibitisha kwa kompyuta, maikrofoni ya kupimia na programu ya bure ya Room EQ Wizard. Kwenye kiti chake 42 Hz ilikuwa chini ya 66 Hz kwa desibeli 19 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwenye kochi la nyuma, mgongo ukutani, mambo yaligeuka: besi ya chini ilijaa mpaka ikachosha. Watu wawili katika sebule moja, wakisikiliza wimbo mmoja, walikuwa wanasikia bendi mbili.

Hapa lazima nieleze kwa nini sabufa ya pili iliongeza maradhi. Mzee alikuwa na ikwalaiza ya bendi 15, kifaa cha kupandisha na kushusha kila sehemu ya sauti kwa kitelezi chake, na kitelezi cha 40 Hz alikuwa amekipandisha mpaka mwisho, desibeli 12. Desibeli 12 ni kuidai amplifaya nguvu mara 16. Nguvu yote hiyo iliingia chumbani kupitia kona, mahali ambapo spika huamsha kila wimbi la chumba kwa kiwango cha juu kabisa. Ikajaa ukutani, ikapenya chumba cha kulala, ikamfikia jirani. Katikati ya karai maji hayakupanda. Ukitikisa zaidi, yanamwagika pembeni, na katikati panabaki vilevile. Kilele unaweza kukishusha kwa ikwalaiza. Shimo la namna hii hulijazi kwa nguvu, na pesa nyingi za watu zimezama humo.

Sanduku lenyewe nalo lilikuwa na kasoro yake. Fundi wa makochi ana mkono mzuri, viungo vyake vilikuwa vimekaza na gundi haikuwa na pengo. Lakini alipewa spika na kuambiwa atoboe tundu la hewa, basi. Alikata bomba la PVC la inchi nne kipande cha sentimita 6, kiasi cha kuvuka ubao na kukaa vizuri. Sanduku lina lita 60 za nafasi ya ndani. Kwa vipimo hivyo, hewa ya ndani ya bomba hucheza karibu na 55 Hz, na sanduku linasaidia kuanzia hapo kwenda juu. Chini ya hapo spika hukosa hewa ya kuiegemea. Koni, ile ngozi ya spika inayosukuma hewa, inaruka mbele na nyuma bila kutoa sauti ya maana. Changanya na kile kitelezi cha 40 Hz kilichopandishwa juu, utaelewa ule mlio wa "tak, tak" ambao mzee alidhani ni spika mbovu. Ilikuwa ikigonga mwisho wa safari yake.

Njia ya kulijua hili haihitaji maabara. Piga toni moja moja kutoka kwenye simu kupitia amplifaya, kwa sauti ya wastani, ukishuka toka 80 Hz. Utafika mahali ambapo koni karibu inasimama huku upepo ukipuliza kwa nguvu kwenye bomba. Hapo ndipo sanduku limepangwa. La mzee lilisimama 55. Hesabu kamili za masanduku zilianzishwa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Tangu hapo hakuna sababu ya mtu kukata bomba kwa kukisia. Kwa lita zile zile 60 na bomba lile lile la kipenyo cha sentimita 10, ili kushuka hadi 30 Hz bomba linatakiwa kuwa na urefu wa sentimita 37. Sanduku lina kina cha sentimita 40, na mdomo wa ndani wa bomba hautakiwi kukaribia ubao wa nyuma, kwa hiyo tulitumia kona ya bomba la maji machafu, tukalipindisha kuelekea juu. Tukaongeza na mihimili miwili ya mbao ndani, kwa sababu ukuta mkubwa wa sanduku ulikuwa unatetemeka ukiushika kwa kiganja. Kazi ya asubuhi moja. Fundi wa makochi mwenyewe ndiye aliyeifanya, na alitaka nimwachie hesabu kwenye karatasi.

Lakini sanduku zuri ndani ya kona ile ile lingetuletea ngurumo nzuri zaidi. Tulilazimika kuhamisha vitu, na hapo ndipo kesi ilipotoka kwa mzee ikaenda kwa Mama, mkewe.

Nasema hivi kwa heshima zote. Vitabu na majarida ya spika huchora chumba chenye kiti kimoja na mtu mmoja, spika zimesimama mita moja na nusu toka ukutani. Sebule ya kwetu ni ya wageni. Inapokea wakwe, watu wa msikitini au kanisani, majirani wanaokuja kutoa pole, na watoto wanaofanyia kazi za shule mezani. Mama ndiye anayeibeba sebule hiyo, na mpango wowote wa spika unaompita yeye hautadumu hata wiki. Nilimwomba aketi nasi tangu mwanzo. Masharti yake yalikuwa matatu: njia ya kutoka mlangoni hadi mezani isizibwe, hakuna sanduku jeusi katikati ya chumba, na yale "madude ya mayai" yaondoke.

La tatu lilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Mjukuu alikuwa amebandika trei za mayai ukuta mzima wa nyuma, akiwa ameambiwa zinanyonya besi. Hazinyonyi. Karatasi nyembamba kiasi kile hugusa kidogo tu sauti za juu, na kwa wimbi la 42 Hz, ambalo lina urefu wa zaidi ya mita 8, ni kama hazipo. Tulizibandua zote, na kijana akanisaidia kupima kabla na baada ili aone mwenyewe. Mstari wa besi haukusogea.

Kiti cha mzee nilitaka kukirudisha nyuma hadi kichwa kiwe mita 3.6 toka ukuta wa mbele, kwa sababu kadiri anavyosogelea robo tatu ya urefu ndivyo ngurumo ya 66 Hz inavyopungua. Mama akapima kwa hatua zake, akaonyesha kuwa mtu aliyebeba sinia hapiti. Tukakubaliana mita 3.4. Kwa hesabu, hapo 66 Hz inashuka karibu desibeli 5 kuliko katikati. Si haba, na sinia linapita.

Kiti kikawa kimepata nafuu kwa urefu, lakini kwa upana bado kipo katikati, na lazima kiwepo hapo, la sivyo spika ya kulia na ya kushoto hazitalingana. Maana yake shimo la 42 Hz halikwepeki kwa kusogeza kiti. Ndipo ile sabufa ya inchi 10 iliyokuwa stoo ikaokoka kuuzwa.

Fikiri tena karai. Anayelisukuma akishika ukingo, maji yanapanda na kushuka. Akisukuma pale katikati ambapo maji hayapandi, wimbi lile haliamki. Sabufa ikikaa katikati ya upana wa ukuta wa mbele, haiamshi ile noti ya 42 ya upana, kwa hiyo hakuna shimo lake la kuangukia. Sauti ya 41 Hz humfikia mzee kwa njia nyingine, bila kufutwa. Na ukiweka sabufa mbili, moja katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, zikisukuma pamoja, noti ya kwanza ya urefu nayo hufa: huyu anasukuma huku, yule anasukuma kule, maji hayajui yaelekee wapi. Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya Harman, alipima mipangilio mingi ya namna hii na kutoa matokeo yake mwaka 2002. Sabufa mbili kwenye katikati za kuta zinazotazamana ni miongoni mwa mipangilio iliyofanya viti vingi visikie besi inayofanana. Kwa sebule ya watu wengi, hilo ndilo hasa tunalolitafuta.

Kabla ya kuamini karatasi nilifanya jaribio la zamani. Tuliweka sabufa juu ya kiti cha mzee, tukapiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka ngazi zote, nami nikatambaa kwa magoti kando ya kuta nikisikiliza. Sauti ina tabia ya kubadilishana: msikilizaji na spika wakipeana nafasi, kinachosikika ni kile kile. Kona zote ziliunguruma. Katikati ya ukuta wa mbele na wa nyuma noti zilifuatana bila moja kuzipiga kumbo nyingine. Mzee naye alitambaa, pamoja na umri wake na magoti yake, na alipofika pale nyuma kati ya makochi mawili akasimama. "Hapa yupo," akasema. Alimaanisha mpiga besi.

Pale nyuma palikuwa na stuli ya maua. Sabufa ya inchi 10 ilichukua nafasi yake, ikavikwa kitambaa cha Mama, maua yakahamia dirishani. Ile ya inchi 12 iliingia chini ya kabati la TV, katikati, baada ya kutoa droo mbili na mlango. Tulipima kila moja peke yake na kuishusha kubwa mpaka ikalingana na ndogo. Hili watu hulipinga, wanaona ni kupoteza nguvu. Lakini sabufa mbili zisizolingana hazifutani vizuri, na katika mpango huu ndogo ndiyo inayoweka kikomo. Swichi ya fezi, ile inayogeuza koni isukume wakati ilipokuwa ikivuta, tuliijaribu pande zote mbili. Upande mmoja 50 Hz ilizama, upande wa pili ikajaa, na hapo hapakuwa na la kujadili.

Vitelezi vyote vya ikwalaiza vikarudi katikati, isipokuwa kimoja. Cha 63 Hz tulikishusha desibeli 4, kwa sababu 66 Hz ya urefu na 63 Hz ya kimo zinakaribiana na kusaidiana.

Spika kubwa mbili zilitoka ndani ya kabati. Rafu ni sanduku jingine, na sauti za kiume zilikuwa zinatoka kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Fundi wa vyuma alichomelea stendi za bomba za mraba, tukazijaza mchanga mkavu wa ziwani. Hapa nilikwenda kinyume na ushauri uliozoeleka wa kuvuta spika mbali na ukuta. Sauti inayokwenda nyuma ya spika hurudi toka ukutani na kuifuta ile ya mbele pale ambapo umbali huo ni robo ya wimbi. Kwa mita moja, kufutana kunaangukia 86 Hz, katikati kabisa ya besi yetu. Kwa sentimita 40 kunapanda hadi karibu 216 Hz, ambako kifyonza kinene, yaani kitu cha kunyonya sauti, nyuma ya spika kina uwezo wa kukisaidia, na sabufa zimeshachukua kila kitu chini ya 80. Roy Allison, mtaalamu wa spika wa Marekani, alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1974, pamoja na onyo la kutoiweka spika kwa umbali unaolingana toka sakafuni, ukuta ulio nyuma yake na ukuta wa pembeni, maana hapo mashimo matatu huangukia noti moja. Zetu zilikaa sentimita 40 toka ukuta wa mbele, 70 toka wa pembeni, na koni ya besi sentimita 90 toka sakafuni. Kati ya spika na spika mita 2.7, zikigeuzwa kidogo kumtazama mzee. Zikawa karibu na ukuta jinsi Mama alivyotaka, na kwa mara hii matakwa yake na hesabu vilikuwa upande mmoja.

Vifyonza vilitengenezwa sokoni. Pamba ya mwamba ya kuzuia joto haipatikani kirahisi, lakini mablanketi na jinzi kuukuu za mitumba, wenyewe hapa huita mivumba, zikipangwa bila kubanwa sana kwa unene wa sentimita 15 ndani ya fremu ya mbao, hufanya kazi nzuri ajabu toka 200 Hz kwenda juu. Tulifunika kwa kitenge alichokichagua Mama. Fremu mbili nyuma ya spika, moja ukuta wa kulia pale ambapo kioo cha kujitazamia kilimwonyesha mzee spika akiwa kitini. Upande wa kushoto kuna dirisha, kwa hiyo pazia zito. Zulia mbele ya kiti. Ukipiga kofi sasa, chumba hakijibu kama darasa tupu.

Kilichobaki kilikuwa mitetemo. Vioo vya luva viliimba kila besi ilipofika 45 Hz. Tulikata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba na kuvichomeka kwenye vishikizo. Glasi za kabatini zililaliwa kitambaa. Mngurumo wa 50 Hz uliokuwepo hata muziki ukizimwa ulitoka kwenye dekoda na sabufa kuchomekwa soketi za kuta tofauti. Tuliziunganisha kwenye ekstensheni moja na ukatulia. Nilikuta mtu ameshakata waya wa athi kwenye plagi moja ili kuua mngurumo huo. Niliurudisha kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Umeme wetu ni wa volti 240, na sanduku la chuma la amplifaya likipata hitilafu bila athi, anayeligusa ndiye anakuwa waya.

Vipimo vya mwisho kwenye kiti: kati ya 40 na 80 Hz, tofauti ya noti ya juu na ya chini ilitoka desibeli 19 hadi 6. Kwenye makochi ya pembeni ni 8. Chumbani kwa kulala besi ilipungua mno, kwa sababu kona ile ya zamani ilikuwa inashirikiana ukuta na kitanda. Jirani amemuuliza mzee kama ameuza redio.

Mzee aliweka santuri ya TPOK Jazz na hakusema neno mpaka upande wa kwanza ukaisha. Kisha akamwita Mama aje akae kwenye kile kiti, yeye akahamia kochi la pembeni, na wakaigeuza upande wa pili.

Kuna jambo ambalo hatujalimaliza. Dari ya mbao laini imelegea misumari juu ya kabati, na sauti ikipanda sana inapiga mbao karibu na 63 Hz, ile noti ya kimo. Huwezi kupanda pale sasa, mvua zinanyesha kila alasiri na mabati yanavuja mahali pawili. Tumepanga Desemba, mvua zikipungua, tuyazibe mabati kwanza, kisha tuikaze dari kwa skrubu na kuweka mablanketi mengine juu yake. Mjukuu ameshaanza kuyakusanya.